Mzunguko wa Mbeya – Tukuyu – Karonga – Livingstonia – Chitipa – Ileje kwa gari binafsi, siku 6: naomba ushauri

Mlima_na_Ziwa

Wakuu, habari za majukumu.

Tunataka kuzunguka milima ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa kwa gari, siku 6, kuanzia Mbeya na kurudi Mbeya. Tuko watu wazima 6 na watoto 2, magari mawili: RAV4 ya 2008 ya automatiki na Noah. Njia niliyoichora ni hii: Mbeya, Uyole, Tukuyu, Matema, tunavuka Kasumulu, Karonga, Chitimba, tunapanda Livingstonia, halafu Rumphi, tunaingia hifadhi ya Nyika, tunatoka huko moja kwa moja hadi Chitipa, tunavuka kuingia Ileje na kutokea Mpemba. Ukigawa masaa ya ramani ya simu kwa siku 6 inaonekana ni mwendo wa kawaida tu.

Naomba mnisaidie haya. Noah itafika wapi na itakwama wapi? Makaratasi ya gari na ya watoto ni yapi? Mafuta Malawi yanapatikana? Na ile barabara ya kona ya kupanda Livingstonia ni ya kutisha kweli au ni maneno ya watu? Tunafikiria mwisho wa Septemba. Wanaojua njia hiyo karibuni.

BondeLaUfa

Mkuu, njia yako ni nzuri ila ina safari mbili ndani yake. Kilichobeba uzito ni mafuta, kwa hiyo naanza na hayo.

Malawi imekuwa na vipindi vya uhaba wa mafuta, na kaskazini ndiko gari la mafuta linakochelewa kufika. Panga kana kwamba hutapata hata lita moja. Jaza hadi juu Kyela mjini, kisha hesabu kilomita za upande wa pili tu: mpakani hadi Karonga kama 45, Karonga hadi Chitimba kama 100, Chitimba kupanda Livingstonia na kushuka 30, kurudi Karonga 100, Karonga hadi Chitipa 101, na kipande kifupi hadi mpaka wa Isongole. Jumla haifiki 400. RAV4 ikinywa lita 11 kwa kilomita 100, ongeza lita 3 au 4 za kupanda mlima kwa gia ndogo, unatumia kama lita 46. Tenki lako ni lita 60. Unatoka Malawi bila kutafuta sheli.

Sasa weka Nyika. Chitimba hadi Rumphi ni 70 na kitu. Rumphi hadi kambi ya Chelinda ni zaidi ya 100, nyingi za vumbi, na ndani ya hifadhi huwezi kukaa bila kuzunguka kuangalia wanyama. Kwenda na kurudi umeongeza zaidi ya kilomita 350. Tenki haitoshi, Noah haifai, na siku 6 zimekwisha. Nyika ni tambarare ya juu, zaidi ya mita 2,000, ina pundamilia na korongo (aina ya swala) na baridi ya kuuma usiku. Inastahili safari yake yenyewe ya siku 4, si kupitiwa kama kituo cha chai. Na ile barabara ya kutoka Nyika kwenda Chitipa kupitia Nthalire ifute kabisa kwenye ramani yako. Ni ya gari la juu, lililoinuka kutoka ardhini, lenye gia nzito ya kupunguza, ikiwa na tairi za akiba mbili.

Ukiikata Nyika, siku zinakaa vizuri. Siku ya kwanza usifike mbali: Mbeya hadi Tukuyu haifiki kilomita 75. Baada ya Uyole barabara inapanda kati ya milima ya Poroto na Mlima Rungwe (mita 2,960 na ushee), inapita mita 2,000 kabla ya kuanza kushuka. Hapo ukungu wa asubuhi ni mzito. Ondokeni Mbeya baada ya saa tatu asubuhi, utaona mashamba ya viazi na chai badala ya taa za lori. Kupanda Ziwa Ngosi kwa miguu kunachukua nusu siku, kipande cha mwisho ni mwinuko mkali wa kushika mizizi, kwa hiyo watoto wadogo wabaki. Kwao ni bora Daraja la Mungu na Kijungu, kule Kiwira. Kijungu kiko ndani ya eneo la chuo cha magereza, unajiandikisha getini, na kamera inabaki ndani ya mfuko mpaka ufike mtoni.

Siku ya pili shuka Matema. Tukuyu iko kama mita 1,500, Kyela kama 500: unateremka kilomita nzima ya kimo ndani ya mwendo wa saa moja, masikio yatakuambia. Njia ya Matema inachepuka Kikusya na kupitia Ipinda, kama kilomita 39, lami. Milima ya Livingstone inaanguka hapo hapo majini. Ikiangukia Jumamosi, soko la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo ni karibu na Matema.

Siku ya tatu mpaka, Karonga, lala Chitimba. Ya nne Livingstonia, lala juu. Ya tano shuka mpaka Karonga. Ya sita Chitipa, Ileje, Mbeya. Siku ya sita ndiyo ndefu, kama kilomita 260 na mpaka katikati.

Mwisho wa Septemba si wakati mzuri wa kuona mbali. Watu wanachoma nyasi na mashamba pande zote mbili, ziwa linapotelea kwenye moshi, na Karonga joto linaanza. Nenda Juni. Kijani bado kipo, mvua za masika zimekwisha, ingawa Tukuyu haikuhakikishii siku kavu mwezi wowote. Bebeni makoti.

karatasi_mkononi

Nashika upande wa makaratasi, maana hapo ndipo watu wanapopoteza nusu siku.

Gari: kadi ya gari halisi, si kopi. Kama jina lililo kwenye kadi si la dereva, pata barua ya mwenye gari ya kuruhusu gari litoke nje ya nchi, iliyogongwa muhuri na wakili, iwe na namba ya usajili, namba ya chesisi, jina na namba ya pasipoti ya dereva, nchi na tarehe. "Namruhusu kutumia gari langu" haitoshi. Iseme kutoka nje ya Tanzania na kuingia Malawi. Kama gari lina mkopo na kadi iko benki, barua inatoka benki, na hiyo anza kuifuatilia wiki tatu kabla.

Bima: bima ndogo na bima kubwa zote mbili za Tanzania zinaishia mpakani. Kinachovuka ni Kadi ya Njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa Kadi ya Njano bado imo, hivyo kampuni za bima za hapa zinaitoa. Inatolewa juu ya bima uliyonayo tayari. Hakikisha Malawi imetajwa kwenye kadi na tarehe zinapita siku ya kurudi kwa siku mbili tatu. Wengi hawaelewi kwamba kadi hii inalipa uliyemgonga, haikulipi wewe. Ukitaka gari lako nalo liwe na kinga, mwambie mtu wa bima aongeze eneo kwenye bima kubwa yako kwa maandishi. Mpakani kuna mawakala wa bima pia, ila huko unanunua kwa haraka na husomi.

Kasumulu upande wetu unaanza uhamiaji, halafu forodha wanaandikisha gari linatoka kwa muda. Upande wa pili kituo kinaitwa Songwe. Usichanganye na mkoa wa Songwe, wala uwanja wa ndege wa Songwe, vyote viko kwingine. Hapo unapewa hati ya kuingiza gari kwa muda na unalipa tozo za gari la kigeni. Soma hati kabla ya kuondoka dirishani: namba ya usajili, namba ya injini, siku walizokupa. Herufi moja ikikosewa, kizuizi cha polisi cha kwanza kitaiona.

Na hili ni muhimu kwenu kwa sababu mnatokea mpaka mwingine: mwambie ofisa tangu mnaingia kwamba mtatokea Chitipa. Hati lazima ifungwe siku ya kutoka, popote mtakapotokea. Isipofungwa, kwenye mfumo gari bado liko Malawi na kodi yake inadaiwa. Usikubali kupita kwa kuambiwa "nenda tu, tutamaliza sisi." Subiri karatasi yenye muhuri.

Watu: pasipoti kwa kila mmoja, watoto pia. Mtanzania haombi viza ya Malawi. Utaona wenyeji wanavuka na vikaratasi vya ujirani mwema. Hivyo ni vya wakazi wa mpakani na haviwafikishi Livingstonia. Mtoto asiyesafiri na wazazi wote wawili awe na kopi ya cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi asiyekuwepo. Kadi ya homa ya manjano bebeni.

Vishoka watawafuata kabla hamjazima injini. Wengine ni mawakala wa kweli wenye vitambulisho, wengine wanakuuzia fomu ambayo ni bure. Gari binafsi la matembezi halihitaji wakala. Mmoja wenu abaki na magari, mmoja ashike makaratasi yote, wengine wapange foleni.

Halafu ndizi. Mtapita Tukuyu na mtashawishika kupakia mkungu. Mazao mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea, na ndizi hasa Malawi hawazitaki kwa sababu ya magonjwa ya migomba. Kuleni zote kabla ya Kasumulu.

FundiUyole

Naongelea magari.

Noah: njia yote ya mzunguko baada ya kukata Nyika ni lami, isipokuwa kile kipande cha Chitimba kwenda Livingstonia, maarufu kama Gorode. Noah isipande. Siyo suala la nguvu, ni suala la tumbo. Ni gari la chini, mawe ya Gorode yametokeza, na kitakachogonga kwanza ni sampo (bakuli la oili chini ya injini) au bomba la ekzosi. Iacheni Chitimba kwenye eneo la nyumba ya wageni lenye mlinzi. Waliobaki wapande na pikapu za abiria, wenyewe wanaziita matola, au mkodi gari la juu hapo hapo Chitimba kwa makubaliano ya kwenda na kurudi.

RAV4: kwanza angalia kama ni 4x4 kweli. RAV4 nyingi za umri huo zilizotoka Japani zinafanana kwa nje. Soma namba ya chesisi kwenye kadi: ikianza ACA31 inavuta magurudumu manne, ikianza ACA36 inavuta mbele tu. Kama huna kadi mkononi, chungulia nyuma chini: ukiona propela shafti inakwenda kwenye difu, ni 4x4. ACA36 inaweza kupanda Gorode kukiwa kukavu kabisa, lakini kwenye kona zenye kokoto tairi za mbele zitazunguka bure ukiwa na mzigo, na hapo ndipo watu wanaanza kurudi nyuma kwa hofu. Sishauri.

Nyingi za hizo pia ni CVT (automatiki isiyo na hatua za gia), si gia boksi ya kawaida. CVT haipendi mzigo mzito kwa mwendo wa taratibu, mafuta yake yanapata joto na gari linaanza kukosa nguvu au taa inawaka. Kabla ya safari badilisha mafuta kama hujui yalibadilishwa lini, na yawe mafuta ya CVT yaliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukiweka ATF, yaani mafuta ya automatiki ya kawaida, utaiua gia boksi kabla ya mlima. Ikichemka njiani, simama sehemu pana, weka P, acha injini inaunguruma dakika 15. Usizime, kwa sababu ukizima mzunguko wa kupoza unasimama na joto linabaki ndani.

Kupanda Gorode: ziwa liko kama mita 474 juu ya usawa wa bahari, Livingstonia inapita 1,300. Ni kilomita kama 15 na kona kali kama 20. Hesabu saa nzima. Bonyeza LOCK ya 4x4 mwanzoni (inajitoa yenyewe ukizidi mwendo fulani, na huku hutazidi). Zima kiyoyozi. Punguza upepo wa tairi kutoka 32 hadi 26 hivi, mpira unashika jiwe badala ya kuruka juu yake, na ukishuka Chitimba ujaze tena, kwa hiyo pampu ya umeme ya kuchomeka kwenye gari iwepo. Piga honi kabla ya kila kona. Anayepanda ndiye anayepishwa. Tairi la nje kwenye kona lipite juu ya mwamba, usilifuate korongo la maji lililochimbwa na mvua. Mmoja ashuke na kuongoza pale usipoona boneti inaelekea wapi.

Kushuka ndiko kunakoharibu. Weka L, au B kama kiteuzi chako kina hiyo herufi, tangu kona ya kwanza juu, usisubiri mpaka usikie harufu. Breki ibonyezwe kwa nguvu kidogo kisha iachiwe, si kuikanyagia mguu njia nzima. Ukikanyaga mfululizo pedi zinapata moto, moto unaingia kwenye kalipa, mafuta ya breki yanachemka na kutoa mvuke, na mvuke unabanwa, ndiyo maana pedali inazama mpaka chini bila gari kusimama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. DOT 3 mpya huchemka si chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kikomo hicho huweza kushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Zaidi ya miaka miwili hujabadilisha? Badilisha kwa DOT 4, inachanganyika na DOT 3 bila tatizo. Pedi chini ya milimita 4 toa. Ukisikia harufu ya kuungua simama, kabari ya jiwe nyuma ya tairi, nusu saa. Usimwagie diski maji, itapinda.

Ushauri huo huo wa gia unawahusu Noah kwenye mteremko wa Tukuyu kwenda Kyela. Lami nzuri inadanganya kuliko mawe.

Vya kubeba: spea tairi iliyopimwa upepo (ya RAV4 inaning'inia mlangoni nyuma, watu husahau kuipima miaka), jeki na kipande cha ubao cha kuweka chini yake, spana ya tairi inayoingia kwenye nati zako kweli, fenibelti moja, lita 5 za maji ya rejeta, kamba ya kuvutia, mtungi wa kuzimia moto ambao tarehe haijapita, na vibao vya pembetatu viwili kwa kila gari. Malawi wanataka viwili.

Mlima_na_Ziwa

Asanteni sana. Nimeangalia kadi, ni ACA31. Nyika nimeifuta, shingo upande, na tumesogeza safari hadi wiki ya mwisho ya Juni. Noah italala Chitimba.

Maswali mawili yamebaki. Fedha tubadilishie wapi? Na hii njia ya kutokea Chitipa, kuna anayesema ni bora turudi tu Kasumulu kwa sababu tunaijua. Nani yuko sahihi?

SokoLaKaronga

Dada/kaka Mlima, mimi ni wa upande wa kurudi Kasumulu, na sababu zangu hizi.

Chitipa ni mpaka mdogo. Udogo huo ni raha kama karatasi zako zimenyooka, hakuna foleni ya malori. Lakini kitu kimoja kikikosekana, mtandao ukikatika au ofisa mwenye kufunga hati ya gari akiwa hayupo, huna pa kukimbilia. Kutoka hapo kurudi Karonga ni 101 tena, na mafuta uliyoyahesabu yameisha. Mna watoto.

Pili ni saa. Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja. Mkiingia mnapata saa ya bure, mkitoka mnaidaiwa. Mkifika Chitipa saa tisa alasiri kwa saa ya Malawi, kwetu ni saa kumi, bado mpaka wenyewe na Ileje yote. Simu hazisaidii: karibu na Mto Songwe zinashika mnara wa upande wowote, saa inajibadilisha yenyewe na salio linakatwa kwa bei ya nje. Zimeni data ya kuzurura (roaming), mmoja awe na saa ya mkononi iliyoachwa kwenye saa za Tanzania. Na mkumbuke Malawi husoma saa kwa Kizungu. Mkiambiwa ofisi inafunguliwa saa nane asubuhi wanamaanisha saa mbili kwa hesabu ya Kiswahili, na kwenye saa ya Tanzania hiyo ni saa tatu.

Fedha: badilisha kidogo mpakani, ya kutosha tozo na chakula, nyingine Karonga. Shilingi zetu zinapokelewa na wabadilishaji pande hizo, ukishafika Chitimba hazina mtu. Noti kubwa ya kwacha ni 5,000, ambayo thamani yake ni ndogo, hivyo utapewa bunda nene. Hesabu mwenyewe, moja moja, na ukishahesabu usiirudishe mkononi mwake "aongezee moja". Noti zilizokunjwa katikati huhesabika mara mbili. Ni mchezo wa zamani na bado unalipa. Kadi ya benki iwe akiba, usiitegemee. Wekeni dola kadhaa safi kwa tozo za serikali. Laini ya Airtel au TNM inasajiliwa kwa pasipoti.

Karonga msipite tu. Jumba la makumbusho lina mfano wa mifupa ya Malawisaurus, dinosaria aliyechimbuliwa wilaya hiyo hiyo, watoto watakaa hapo saa nzima. Lugha haitawasumbua: Kingonde na Kinyakyusa ni ndugu wa karibu, Mnyakyusa wenu akiongea atajibiwa, na Kiswahili sokoni kinaeleweka. Jambo dogo la adabu: huko ziwa linaitwa Ziwa Malawi. Ubishi wa jina na mpaka wa majini uacheni Kyela pamoja na zile ndizi.

Usiendeshe M1, ile barabara kuu ya Malawi, gizani. Baiskeli hazina taa, mbuzi hawana haraka.

BondeLaUfa

SokoLaKaronga ana hoja kwenye saa, kwenye njia simkubalii. Kurudi Kasumulu ni kuona kile kile mara mbili, na barabara ya Karonga hadi Chitipa ndiyo lami nzuri kuliko zote za mzunguko huu kwa macho: unatoka joto la ziwani unapanda vilima mpaka mita 1,200 na zaidi, magari machache. Dawa ni kuondoa hatari ya saa. Badala ya kulala Karonga siku ya tano, shukeni Livingstonia asubuhi na mapema, mle Karonga, mlale Chitipa mjini. Siku ya sita mko mpakani wanapofungua. Kama kuna kasoro ya karatasi, mna siku nzima ya kuitatua, na mafuta yanatosha kurudi Karonga: mmebakiwa na lita 14 hivi, safari hiyo inakula 11.

Ukishavuka uko Isongole ya Ileje. Ipo Isongole nyingine Rungwe, ile ya njia ya Ngosi. Ukiandika jina tu kwenye ramani ya simu inaweza kukupeleka nyuma ya mlima. Toka Isongole hadi Mpemba ni lami, kama kilomita 50, na faida yake ni kwamba unaingia barabara kuu ukiwa umeshaikwepa Tunduma na foleni yake ya malori. Kutoka Mpemba hadi Mbeya kaa nyuma ya lori kwa subira, na kuanzia uwanja wa ndege wa Songwe kuna upanuzi wa njia nne, hesabu saa ya ziada. Tochi zipo kwenye kila kijiji. Hamsini ni hamsini mpaka uone kibao cha kuifuta, faini ni 30,000 kwa kosa.

SokoLaKaronga

Mkilala Chitipa nanyamaza. Ila jioni hiyo hiyo mliyofika, kabla ya kutafuta chakula, mmoja aende na hati ya gari ofisi ya mapato ya Malawi pale Chitipa aulize kama inafungwa mpakani asubuhi au hapo mjini, na saa ngapi.

Mlima_na_Ziwa

Nimeandika. Swali dogo la mwisho kwa FundiUyole: dumu la lita 20 la akiba kwenye buti, niweke au nisiweke?

FundiUyole

Usiweke. Petroli kwenye dumu la plastiki ndani ya gari lenye watoto, kwenye joto la Karonga, inavimba na kuvuja mvuke, na mpakani itakuletea maswali kwa sababu watu wa magendo hubeba hivyo hivyo. Hesabu ya BondeLaUfa inatosha kama tenki limejaa kweli. Pale Kyela bomba likijikata lenyewe mara ya kwanza, subiri dakika moja hewa itoke, mwambie aendelee polepole mpaka likatike mara ya pili, basi. Noah nayo hivyo hivyo, kisha andika kilomita za kila gari kwenye karatasi, usiutegemee mshale.